Neno la Kwanza la Asubuhi

Bi. Tunsume, Msajili wa Baraza la Madai ya Tiba, aligusa meza kwa kidole kimoja, na sauti ya Elinaja ikajaa chumbani.

"Salama, namshukuru Mungu," sauti ilisema. "Ila hapa chini ya kitovu panawaka moto, sijui ni nini."

Akagusa tena. Asubuhi nyingine, mwaka mwingine.

"Salama tu. Sikulala usiku kucha, lakini tunaendelea."

Tena.

"Salama. Nimetapika mara mbili, nadhani ni yale makande ya jana."

Elinaja mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha mbele, mikono imelikumbatia tumbo lililofura mpaka vifungo viwili vya shati vikakataa kufungwa. Alisikiliza sauti yake ya ujanani akitikisa kichwa kwa kuridhika. Kila rekodi ilipokwisha alimgeukia dada yake Namkunda, aliyeketi nyuma yake na jalada mapajani, kana kwamba anamwambia, unaona, ushahidi si huo.

"Basi nimeshinda," alisema. "Si nimesema panawaka? Si nimesema nimetapika?"

"Umesema, Bwana Elinaja," Bi. Tunsume alijibu. Alikuwa mwanamke mpole, na upole wake ulikuwa unatisha kuliko ukali. "Lakini umesema baada ya kusema salama. Kanuni inachukua neno la kwanza. Hapa nina asubuhi elfu tano na ushei tangu upasuaji wako. Nesi, ile mashine iliyopandwa begani mwako, alikuuliza kila siku umeamkaje. Kila siku ukajibu salama."

"Sasa ulitaka nimjibu nini? Mtu anakusalimia, wewe unamtupia ugonjwa usoni hata hujamjibu salamu?"

Msajili aliigeukia sheria mezani. Alisoma kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyasoma maneno hayo mara nyingi. Chini ya Sheria ya Ukomo, aliyepasuliwa ana miaka mitatu ya kudai kuanzia siku ya kisu. Siku atakayomlalamikia nesi maumivu, hesabu inaanza upya, ili mgonjwa ambaye madhara yake yamejificha asinyimwe haki. Mgonjwa akipitisha miaka mitatu kamili bila lalamiko hata moja, dai linakufa, na likifa halifufuki.

"Dai lako lilikufa miaka kumi na moja iliyopita," alimaliza.

"Lilikufaje, mama, na mimi nilikuwa hata sijui kama ninalo?"

Nyuma yake Namkunda alikuwa amekodolea macho jalada, haoni hata herufi moja. Neno la kwanza. Alikuwa amekuja pale na hoja sita alizoziandika kwa mkono wake, maana kuandika barua za madai ndiyo kazi iliyomlisha mjini Same kwa miaka kumi. Hoja zote sita zilihusu daktari. Hakuna hata moja iliyomhusu yeye.

*

Kosa la daktari lilikuwa wazi kama mchana, na hilo ndilo lililouma zaidi. Elinaja alipata ngiri kwa kubeba magunia ya tangawizi kuyashusha kutoka mashamba ya juu, na hospitali moja ikamwekea wavu hai, kitambaa kilichooteshwa kutokana na chembe za mwili, kinachojishona chenyewe kwenye msuli na kujikarabati kikichanika. Wavu hai una uso wa nje na uso wa ndani. Uso unaokwaruza hushika msuli. Ule laini huelekea matumbo ili yasishikwe. Wa Elinaja ulipandwa kichwa chini miguu juu. Kwa miaka kumi na minne ulikuwa ukiyashika matumbo yake, taratibu, kila siku unene wa uzi mmoja.

Na huukati. Madaktari wa Moshi walijaribu. Walichokata saa nne asubuhi kilikuwa kimeota tena kabla ya jua kuzama. Wavu hai hufa kwa kitu kimoja tu, ufunguo wake, mlio maalumu ambao wavu ukipigiwa hunyauka. Ufunguo unakaa kwa hospitali iliyoupanda wavu. Hospitali haitoi mpaka Baraza liamuru, kwa sababu kutoa ufunguo ni kukiri kosa. Madaktari walikuwa wamempa Elinaja mpaka Desemba.

Alikwenda kliniki mara ngapi, masikini? Zaidi ya ishirini. Kila mara mganga alifungua kumbukumbu za nesi, ile punje ndogo iliyo chini ya mfupa wa bega na kikasha chake cha sauti ukutani, akaona salama, salama, salama, akampa vidonge vya gesi.

Nesi hakuzaliwa anajua kusikia. Alifundishwa. Miaka kumi na mitano nyuma, Namkunda akiwa mwanamke wa miaka thelathini na sita na cheti kipya, aliketi katika ukumbi mmoja Moshi pamoja na wanawake wengine arobaini, kila mmoja na vifaa vya masikioni na vitufe vitatu. Sauti za watu halisi zilipita, wanajibu salamu ya asubuhi. Kijani, mzima. Chekundu, mgonjwa. Cha njano, sina hakika. Wiki ya kwanza kidole chake kilishinda kwenye njano, maana huku kwetu nani asiyejua kwamba salama ni adabu, na ugonjwa unafuata baada ya koma? Msimamizi akapita akasema mashine haiwezi kujifunza kwa mtu asiye na hakika. Mkisita, chukueni neno la kwanza. Jumatatu iliyofuata viti saba vilikuwa vitupu. Walikuwa ni wale wa njano.

Namkunda akahamia kijani. Akawa hodari, akasifiwa, jina lake likabandikwa mlangoni. Sauti elfu arobaini zilipita kwenye kidole chake.

Miaka mingine yote aliyaweka mambo hayo mahali mtu anapoweka vitu asivyotaka kuviona. Aliwaandikia watu barua za madai, madai yakakataliwa, akawapa pole, akala chakula cha matanga yao. Mke wa Kiondo, fundi cherehani. Yule kijana mwalimu wa hesabu. Alikuwa anajua kwa nini wanakataliwa? Alikuwa anajua. Alijiambia kwamba sheria ni ngumu.

*

Njia ilikuwepo, na hakuna aliyeijua kuliko yeye. Kifungu cha kumi na tisa: aliyemfundisha nesi akija mwenyewe kuapa kwamba alifundisha kosa, huku akijua ni kosa, kanuni ile inafutwa, na kila dai lililokataliwa kwa sababu yake linafunguliwa upya. Mwenye kuapa hupoteza leseni yake ya kuandika madai, na jina lake na kiapo chake hubandikwa kwenye kila ofisi ya kata. Ukomo wake ni miaka kumi na mitano tangu nesi alipoanza kazi. Nesi alianza kazi tarehe mosi Julai ya mwaka ule wa mafunzo.

Siku Baraza lilipomkataa Elinaja ilikuwa tarehe tatu Juni. Namkunda alikuwa na siku ishirini na saba. Mtu anaweza kwenda kwa miguu mpaka baharini na kurudi kwa siku ishirini na saba. Yeye alihitaji kuvuka barabara.

Alijiwekea sharti moja, na lilikuwa sharti la heshima: asiape kabla hajamwambia ndugu yake uso kwa uso. Haiwezekani Elinaja ayasome kwenye ukuta wa ofisi ya kata. Basi Jumapili ya pili akapanda mlimani, maneno amekwisha kuyapanga.

Shemeji yake, Naetwe, alimpokea mlangoni akamchukulia mkoba. Elinaja alikuwa kitandani, lakini aliposikia sauti ya dada yake alijikaza akatoka mpaka sebuleni akishika kuta.

"Dada, karibu! Za huko mjini?"

"Nzuri. Wewe umeamkaje?"

"Salama kabisa. Leo nina nguvu, we acha tu."

Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Naetwe aliangalia pembeni.

"Elinaja," Namkunda alianza, "kuna jambo kuhusu ile kanuni."

"Ee, Naetwe, unasikia? Dada ameshapata njia!" Akamgeukia Namkunda, macho yanang'aa. "Mimi nimewaambia watu wote kanisani. Nimewaambia, nyie mna mawakili, mimi nina dada. Huyu ndiye alinisomesha baba alipokufa. Huyu akiandika barua hata jiwe linajibu. Haya, sema."

Naetwe naye alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, viganja vimebanana. Namkunda aliwatazama wote wawili. Hakuna aibu kubwa kama kuonekana mwema na mtu uliyemuua.

"Naandika rufaa," alisema. "Bado naitafuta hoja."

"Uipate tu. Na Sifuni je, umemwona? Mambo ya sherehe yamemchanganya kichwa."

Hapo mazungumzo yakahama, na Namkunda, aibu iliyoje, akashukuru yalivyohama. Sifuni, binti wa pekee wa nyumba ile, alikuwa anaagwa tarehe ishirini na tisa Juni kwenda kwa wakwe zake. Shangazi ndiye msemaji wa nyumba siku hiyo. Shangazi ndiye anayemshika binti mkono na kumkabidhi. Angesimama vipi mbele ya wakwe, jina lake limebandikwa ukutani kwa kosa kama lile? Wakwe wangeuliza tumeingia nyumba ya namna gani. Akafanya hesabu akiwa anateremka mlima: sherehe ni Jumamosi ya ishirini na tisa, ukomo ni Jumapili ya thelathini, ofisi hazifunguliwi Jumapili, na siku ya mwisho ikiangukia Jumapili husogea Jumatatu. Jambo hilo alikuwa ameliandika kwenye barua za watu zaidi ya mara mia. Kwa hiyo mtoto aagwe kwa amani kwanza.

Hesabu ilimpendeza. Usiku ule alilala fofofo kwa mara ya kwanza tangu Baraza.

*

Sherehe ilifana. Elinaja alibebwa kwenye kiti, kavaa suti iliyofunguliwa mshono kiunoni, akacheka kwa kila mzaha wa mshereheshaji. Namkunda alisema maneno mazuri mpaka kina mama wa upande wa pili wakafuta machozi. Sifuni akamkumbatia mbele ya watu wote na kusema, huyu ni mama yangu wa pili.

Jumatatu tarehe mosi Julai, saa moja na nusu, Namkunda alikuwa kwenye mlango wa Baraza kabla hata mfagizi hajamaliza ngazi. Alikuwa hajala. Alikuwa amepiga moyo konde, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na mitano alijisikia mwepesi, karibu afurahi. Bi. Tunsume alimwingiza, akafunga mlango, akamsikiliza mwanzo mpaka mwisho bila kumkatiza.

Namkunda alisema yote. Vitufe, msimamizi, viti saba vitupu. Alitaja watu aliowaandikia barua na aliowazika. Alipomaliza, Msajili alikuwa ametoa kitambaa anakandamiza macho.

"Mama," Bi. Tunsume alisema, "nimekaa kiti hiki miaka minane, na sijapata kuona mtu akija kusema hivi. Mungu akubariki."

Kisha akagusa meza. Maandishi yakajitokeza, mistari miwili tu. Aliyatazama muda mrefu kuliko mistari miwili inavyohitaji.

"Kiapo hakipokelewi."

"Sijaelewa."

"Ukomo ulikuwa jana, saa sita usiku."

"Jana ilikuwa Jumapili. Ukomo ukiangukia siku ya mapumziko unasogea."

"Unasogea kwa vitu vinavyoletwa hapa mlangoni. Kiapo cha mwalimu wa nesi hupokelewa na nesi yeyote, ukutani, popote, saa yoyote. Ungeweza kuapa ukiwa jikoni kwako. Nesi hana Jumapili, mama." Akasita. "Hukulijua hilo?"

Namkunda aliwaza jana yake. Alikuwa ameshinda nyumbani kwa Elinaja wakihesabu vyombo vya kuazima na kuvirudisha kwa wenyewe. Kikasha cha sauti kilikuwa ukutani, mkono mmoja kutoka alipokuwa anakausha sahani.

"Basi nifunguliwe kesi," alisema. "Nimekiri. Nimetenda kosa. Nishitakiwe mimi. Hapo itabidi wasikilize."

Bi. Tunsume alitikisa kichwa, na upole wake sasa ulikuwa umefika mahali ambapo Namkunda alitamani kumzaba kofi.

"Kosa lako nalo lina ukomo, mama. Ni huohuo wa jana. Huwezi kudaiwa na mtu, huwezi kushitakiwa, leseni yako haiguswi. Sheria inakuhesabu kuwa mtu safi." Alisukuma karatasi mezani, cheti chenye mhuri, kilichokwisha kuchapwa na mashine bila kuombwa. "Hiki ni cha kwako. Kinatoka chenyewe."

*

Alikipeleka mlimani siku hiyohiyo. Hakukikunja.

Safari hii hakungoja salamu. Alipita sebuleni, akaingia chumbani alikolala ndugu yake, akamwomba Naetwe awaache kidogo, akaketi ukingoni mwa kitanda na kumwambia. Alimwambia yeye ni nani katika kanuni ile, na siku ishirini na saba alizifanyia nini, na cheti ni cha nini. Hakujitetea, hakusema nilielekezwa.

Elinaja alisikiliza macho yakiwa kwenye dari. Sherehe ilikuwa imemmaliza. Midomo ilikuwa imepasuka na mashavu yameingia ndani.

"Ulijua lini?" aliuliza mwishowe.

"Nini?"

"Kwamba ni kosa. Ulijua baadaye, ulipoona watu wanakataliwa? Au ulijua wakati ule?"

Hapo ndipo uongo ungeweza kusaidia, na ulikuwa uongo mdogo, wa huruma. Namkunda aliuona umekaa pale tayari.

"Wakati ule," alisema. "Wiki ya pili. Kulikuwa na bibi mmoja, sauti yake nyembamba. Mashine ikamuuliza umeamkaje. Akasema, salama mwanangu, ila nakufa. Nikabonyeza kijani."

Nje, mtu alikuwa anaita mbuzi. Elinaja alimeza mate, na ilionekana hata kumeza kunamuuma.

"Alikufa, huyo bibi?"

"Sijui. Iliingia sauti nyingine."

Namkunda alikuwa amekuja amejiandaa kutukanwa, kufukuzwa, kurushiwa kikombe cha dawa. Aliyataka hayo kwa hamu kama mtu anayetaka maji. Elinaja alinyoosha mkono, akashika cheti, akakisoma polepole mpaka chini kwenye mhuri, akakirudisha kwenye mapaja ya dada yake.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Msajili tu. Nataka Jumapili nisimame kanisani niwaambie watu. Mzee Kiondo ana haki ya kujua. Mama wa yule mwalimu ana haki."

"Usifanye hivyo."

"Elinaja..."

"Nisikilize. Hakuna ufunguo utakaopatikana kwa wewe kusimama kanisani. Mimi Desemba siioni, nimeshajua. Naetwe atabaki na nani? Sifuni akijifungua ataitwa nani akamkande? Wale wakwe wakisikia, mtoto atarudishwa kwa masimango." Alipumzika, akavuta pumzi. "Yaishe hapa hapa, mimi na wewe. Nikifa, sema ni tumbo. Kwani si ni tumbo?"

Alikuwa anamsamehe, au alikuwa anamtumia ili nyumba yake isimame. Pengine yote mawili. Vyovyote vile, jibu la mtu mwenye haya lilikuwa moja tu, na Namkunda alilijua. Mzee Kiondo alikuwa hai na bado anajilaumu kwamba hakumwahisha mkewe hospitali. Mama wa mwalimu alikuwa anapita kila Ijumaa dirishani kwake kuuliza kama kuna barua nyingine ya kuandika. Alitakiwa kukataa. Alitakiwa kusimama, akatae mbele ya mgonjwa, aende akaseme.

Alikikunja cheti mara mbili, kisha mara ya tatu, akakitia kwenye mkoba na kuufunga zipu.

"Ahsante, mdogo wangu," alisema.